Mashine ya espreso isinunuliwe kwa namba ya kwenye boksi

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya mashine za espreso za nyumbani karibu yote hujivunia "bar 15" au "bar 20". Bar ni kipimo cha mgandamizo, na hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, basi. Espreso hukamuliwa kwa bar 9 hivi. Zilizozidi hazimsaidii mnywaji.

Anayeanza aulize kwanza habari za kichujio, yaani kikombe cha chuma chenye matundu kinachobeba unga wa kahawa. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kichujio cha kuta mbili, chenye kitundu kimoja chini kinachobana kahawa na kuitoa na povu hata kama unga ni wa pakiti. Si kibaya, ila ladha huishia hapo. Hakikisha kile cha ukuta mmoja, kisichobana kahawa hivyo, kinapatikana kwa kipenyo kinachoingia kwenye mashine yako: DeLonghi Dedica ni milimita 51, Gaggia Classic ni 58.

Sasa, kichujio cha ukuta mmoja hakivumilii usagaji ovyo. Blenda ya kusagia viungo hutoa vumbi na chenga kwa pamoja; maji hukimbilia penye upenyo, na kikombe kinakuwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja. Mwenye fedha kidogo apunguze kwenye mashine, aongeze kwenye kinu cha mkono kinachosaga kahawa kwa meno badala ya visu, kisha anunue mizani inayosoma hadi gramu 0.1. Kwa kichujio cha milimita 58, weka gramu 18 za unga, upate gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Cha 51 mara nyingi hubeba 14 hivi, kwa hiyo lenga 28. Ikitoka kwa sekunde 15, saga laini zaidi. Ikidondoka tone tone, saga iwe ya chenga zaidi kidogo. Uzito usiuguse mpaka muda ukae sawa.

Maji ya kisima yenye chumvi yasiingie kwenye tangi. Gamba jeupe likishaziba njia, pampu hulalama na maji hayafiki.

Na wale wanaotumiwa mashine na ndugu walioko Marekani: ya kule ni ya volti 120. Kwenye 230 zetu kipashio hupokea karibu mara nne ya wati zake, kikaungua. Transfoma ya kuhimili wati 1,300 ni nzito na ghali. Ndugu huyo aombwe kinu cha mkono, hakiulizi volti.

Fundi wa mashine za kahawa,
Dar es Salaam