Si kamari, Mama Neema

Rau, Moshi
9 Novemba

Mama Neema, mwenzangu,

Hamjambo huko Tabora? Sisi hatujambo. Vuli imeanza kwa kusuasua, ila migomba ya mama mkwe imeshachangamka, na Bariki kifua kimeachia.

Nianze na hilo lililokukosesha usingizi. Kumbe shemeji alipopita Moshi mwezi uliopita alinikuta barazani kwa Mzee wa hadweya, Jumapili mchana, nimezungukwa na wanaume, dadu mkononi, napiga kelele. Akarudi na habari kwamba mwalimu wa hesabu siku hizi ni mcheza kamari. Simlaumu, ningeona mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini pale mezani hapawekwi hata shilingi mia. Hakuna mkeka wa kuchanika. Anayefungwa ananunua chai na maandazi, basi, na Mzee kwa ubahili wake hata hayo maandazi huyahesabu.

Kinachochezwa pale ni besiboli. Ule mchezo wa rungu na mpira mdogo wa Wamarekani na Wajapani, ambao hapa nchini wanaoujua zaidi ni wanafunzi wa Dar waliofundishwa na Wajapani. Sisi tunaucheza tumekaa. Kila mchezaji ni kadi, na kadi ni mtu wa kweli aliyewahi kucheza, na namba zilizo juu yake zimetokana na alivyocheza kweli. Boksi aliliacha daktari mmoja wa Kimarekani aliyepanga nyumba ya Mzee. Siku ya kuondoka aligawa masufuria, mapazia na hilo boksi. Masufuria yaligombewa. Boksi lilikaa stoo hadi kijana wa Mzee alipolifungua, akasoma kanuni, akatuita.

Mchezo wenyewe unaitwa Strat-O-Matic. Aliubuni Hal Richman wa New York, alianza kuhangaika na dadu zake akiwa bado mtoto, na seti za kwanza akaziuza 1961. Usidhani ni midoli. Wachezaji wa Marekani walipogoma mwaka 1981, mechi ya nyota iliyokuwa ifanyike Cleveland mwezi Julai ilikwama, basi watu wakaenda uwanjani kule kule na mchezo huu wakaicheza kwa dadu.

Sasa chukua peni, maana najua wewe huamini kitu mpaka ukikokotoe.

Dadu ni tatu. Moja peke yake, tuiite nyeupe, na mbili za pamoja. Nyeupe inachagua safu: ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 unasoma kadi ya mrushaji. Zile mbili unazijumlisha, unapata namba kati ya 2 na 12, unashuka na safu hadi mstari huo, na jibu limeandikwa: amepiga akafika besi ya kwanza (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji kabla ya kurudi alipoanzia na kupata pointi), amekula straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri imempita akatoka, amepewa besi ya bure, au ni homurani, mpira umevuka uwanja, na kila mtu anasimama. Unajua kama ninavyojua kwamba 7 ina njia 6 kati ya 36, na 12 ina njia moja tu. Kwa hiyo mwenye kutengeneza kadi hahitaji uchawi. Mtu wa homurani nyingi anawekewa karibu na 7. Wa homurani moja kwa mwaka anasukumiwa kwenye 2 au 12 akasubiri zamu yake. Hata hapo ikiwa nafasi bado ni kubwa mno, kuna dadu ya nne yenye nyuso 20 inayougawa mstari ule ule vipande vidogo zaidi. Safu tatu mara 36 ni 108. Mpigaji ana nafasi 108 za kutuonyesha yeye ni nani, na mrushaji aliye mbele yake ana 108 zake. Jumla 216, nusu kwa nusu.

Mimi hiyo nusu kwa nusu ndiyo iliyoniteka. Chukua Bob Gibson wa St. Louis, msimu wa 1968. Mwaka huo kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima, aliruhusu wastani wa pointi 1.12, na inasemekana ubabe wa warushaji msimu ule ndio ulioufanya uongozi ushushe kile kichuguu wanachorushia. Kadi yake ukiisoma unaona huruma kwa mpigaji. Lakini dadu nyeupe ikitoka 2, Gibson hana lake tena, tunasoma kadi ya yule mwingine. Kwa hiyo kazi yako si kuomba bahati. Kazi yako ni kupanga nani akutane na nani, kwa sababu kadi zina upande wa mkono wa kulia na upande wa mkono wa kushoto, na mtu anayemnyanyasa mrushaji wa kulia anaweza kuwa si kitu mbele ya wa kushoto. Tena mrushaji anachoka. Kadi yake inasema ana awamu ngapi kifuani. Zikiisha na wapinzani wakaanza kumpata, mipira iliyokuwa salama inageuka ya kupigwa. Unamtoa? Unamwacha? Hapo dadu hazikusaidii, hapo ni wewe na akili yako, na watu watano wanakukodolea macho.

Nikupe mfano wa huyo huyo Mzee, kisha utaniambia kama ni kamari.

Timu zetu tumezipa majina ya mitaa. Mimi ni Rau, Mzee ni Kiboriloni. Mzee kwenye usajili hana habari na ulinzi, anataka wapigaji tu. Ukimwambia shotistopu wake, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, ni mzito anakujibu kwamba mashabiki hawaji kumwangalia shotistopu. (Mashabiki wenyewe ni mjukuu wake na kuku.) Ulinzi kwenye kadi una daraja 1 hadi 5, 1 ndiyo bora, na wa kwake ana 4. Basi tumefika awamu ya tisa, anaongoza 3 kwa 2, wawili wangu wametoka (wa tatu akitoka nimekwisha), nina mtu besi ya pili na mwingine ya tatu. Mrushaji wake amechoka tangu awamu ya saba, tumemwambia wote, hata mwanawe. Akasema, "Huyo ni mtu mzima, anajua kazi yake." Nikarusha. Nyeupe 5, kadi ya mrushaji. Jumla ikaangukia mstari usiosema kapiga wala kakosa, unasema tu mpira umeenda kwa shotistopu, tazameni daraja lake. Ikaletwa dadu ya nyuso 20. Daraja 1 angeudaka akiwa anapiga mswaki. Daraja 4, mpira ukapita kati ya miguu, watu wangu wawili wakarudi pale mpigaji anapoanzia, pointi mbili, 4 kwa 3. Zile ndizo kelele alizozisikia shemeji. Jirani alichungulia juu ya ukuta na panga, akidhani tumekamata mwizi.

Mzee alikaa kimya hadi chai ilipoletwa. Kisha akasema dadu zina kasoro. Kijana wake akatoa ile kaunta buku tunayoandikia mechi, akafungua makosa yote ya shotistopu yule tangu msimu uanze. Mzee akaomba sukari.

Hiyo kaunta buku ningependa uione. Kila mlinzi uwanjani ana namba yake, mrushaji 1, mdakaji 2, shotistopu 6, na kadhalika hadi 9. Ukikuta 6-4-3 ujue mpira ulitoka kwa shotistopu ukaenda kwa mtu wa besi ya pili, kisha wa besi ya kwanza, na watu wawili wametoka kwa pigo moja. Straiki tatu ni K. Akiisimamia tu ile ya tatu bila kuinua rungu, K inaandikwa imegeuka nyuma, aibu yake ionekane hadi kwa wajukuu. Mechi nzima inakaa ukurasa mmoja.

Hata darasani imeniingia. Kidato cha Pili walikuwa wamechoshwa na kukadiria desimali, nikawapa habari ya Ted Williams wa Boston. Mwaka 1941 ilipofika siku ya mwisho wa msimu alikuwa na wastani, yaani mapigo gawanya kwa zamu, wa 0.39955. Ukikadiria kwenye nafasi tatu ni 0.400, namba ambayo wapigaji huiota, na angeweza kukaa benchi akaichukua hivyo hivyo. Akacheza, mechi mbili siku ile ile, akapiga sita kati ya nane. Nikawaambia: alimaliza na mapigo 185 katika zamu 456, nipeni wastani. Walipoipata 0.406 darasa lililipuka. Kwa swali la vikapu vya machungwa hawajawahi kulipuka.

Lakini mwenzangu, sitakudanganya kwamba ni hesabu tu zinazonirudisha pale kila Jumapili. Ni hao watu wenyewe. Kuna mdakaji anaitwa Josh Gibson, hana undugu na Bob. Alikuwa mweusi, na enzi zake ligi kubwa za Marekani zilikuwa za weupe, kwa hiyo weusi walicheza zao, Negro Leagues. Amefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huo huo Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, mlango ukafunguka. Miezi mitatu! Takwimu za Negro Leagues zilikuja kuunganishwa na za ligi kubwa mwaka 2024, na alipohesabiwa, Gibson akawa wa kwanza katika wastani wa maisha yote, 0.372. Kadi yake tunayo. Mimi nikiishika nikamwita Babe Ruth aje arushe, maana Ruth kabla ya homurani zake 60 za mwaka 1927 alikuwa mrushaji mzuri tu, nakaa sawasawa kwenye kiti. Mechi hiyo kwenye ligi kubwa haikuruhusiwa. Barazani kwa Mzee inachezwa huku mtori unapoa. Fundi wetu wa redio, yule Msabato (ndiyo sababu hatuchezi Jumamosi), anasema hiyo ndiyo maana pekee ya mchezo na mengine ni mapambo. Mimi siendi mbali hivyo, lakini sijapata la kumjibu.

Na usidhani Waafrika hatumo. Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia na Pittsburgh Pirates, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika ligi kubwa, na zamu yake ya kwanza kabisa akapiga akafika besi. Wewe uliyekuwa ukijaza chupa mchanga kwenye rede huku mpira wa soksi unakupita sikioni, utaelewa kusimama pale peke yako, kila mtu anakungoja ukosee.

Sasa shida yangu. Kijana aliyekuwa na timu ya Pasua amepata kazi Dodoma, timu imebaki yatima, na ligi ya timu tano haipangiki vizuri. Nimekuweka wewe. Usiniulize kama nilikuomba ruhusa. Krismasi mnakuja, na uhamisho wako ukikubaliwa ndiyo utakuwa hapa kabisa. Usipokubaliwa, utatuma maelekezo kwa WhatsApp, nani aanze, nani afuate, mrushaji atolewe lini, nasi tutarusha kwa niaba yako huku simu imeegeshwa kwenye birika. Wamarekani walicheza hivyo kwa barua za posta miaka mingi, sisi tutashindwaje na bando?

Timu si mbaya. Upigaji wake ni dhaifu, nakwambia mapema. Lakini ina Ozzie Smith, shotistopu daraja 1, na kwa hiyo tu Mzee hatakupenda. Na warushaji inao, akiwemo Satchel Paige, aliyesajiliwa na Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42, baada ya maisha mazima kwenye Negro Leagues, na mwaka huo huo wakatwaa ubingwa.

Dirisha dogo linafunguliwa tarehe 20 Desemba, kabla watu hawajapanda migombani kwa sikukuu. Mzee ameshaanza kuzunguka. Anamtaka Paige, anatoa wapigaji wawili, tena mmoja ni mzuri kweli. Nimemwambia mwenye timu yuko Tabora, asubiri. Akaniuliza mwenye timu anajua nini kuhusu besiboli. Nikamwambia ni mwalimu wa hesabu. Akaongeza wa tatu.

Mimi nisingemtoa, lakini timu ni yako. Nijibu kabla ya hiyo tarehe, na asali ya Tabora usisahau, hata dumu dogo. Msalimie shemeji, mwambie siku nyingine akae chini, aulize.

Wako,
Mama Bariki