Simu ya video kwa kiziwi si anasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika mijadala ya kasi ya intaneti na ujio wa 5G. Matangazo ya teknolojia hii huonyesha vijana wakitazama mpira au kucheza gemu, na simu ya video hutajwa kama burudani ya nyongeza. Kwa kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, simu ya video ndiyo simu yenyewe. Kabla yake alikuwa na kifaa cha kutuma ujumbe mfupi, hakuwa na simu ya kuzungumzia.

Wazo lenyewe lina umri. Japani ilipozindua mtandao wa 3G mwaka 2001, tayari kulikuwa na simu za mkononi zenye uwezo wa kupiga video, lakini picha ilipitishwa katika njia nyembamba ya kilobiti 64 kwa sekunde, ikawa ndogo na yenye kukwamakwama. Mambo yalibadilika pale mazungumzo yalipohamia kwenye intaneti. WhatsApp ilianzisha simu za sauti mwaka 2015 na za video mwishoni mwa mwaka 2016, na tangu hapo kiziwi aliyeko Mtwara, asiye na kompyuta wala fedha za kuinunua, ameweza kuzungumza kwa lugha yake na ndugu yake aliyeko Mwanza.

Hata hivyo, teknolojia hii iliundwa na watu wanaosikia kwa ajili ya watu wanaosikia. Dada yangu ni kiziwi, na ni fundi cherehani hapa Morogoro. Akipigiwa huegemeza simu kwenye cherehani, kwa sababu anahitaji mikono yote miwili, kisha husogea nyuma mpaka uso na mikono vienee kwenye kioo. Mtandao ukipungua nguvu, programu hufanya ilichoelekezwa: huipunguza picha ili kuinusuru sauti. Kwa anayesikia huo ni uamuzi wa busara, kwani mazungumzo yanaendelea hata picha ikiganda. Kwa dada yangu ni kukatiwa simu. Mikono ikienda haraka huleta chenga, alama mbili zinazotofautiana kwa mkao wa kidole kimoja huonekana sawa, na mteja wake, ambaye naye ni kiziwi, hulazimika kurudia mara tatu kwamba gauni lishuke chini ya goti. Isitoshe, mitandao ya simu hutenga nafasi kubwa zaidi ya kupokea kuliko ya kutuma. Anayetazama filamu haoni tatizo, maana yeye hupokea tu, lakini anayezungumza kwa alama hutuma kiasi kilekile anachopokea.

Kuna na suala la bei. Tukadirie kwamba sauti safi ya intaneti hutumia kilobiti 24 kwa sekunde kila upande, na video ambayo alama zake zinasomeka hutumia kilobiti 400. Mazungumzo ya dakika 10 yatamgharimu anayesema kwa mdomo takriban MB 4, na anayesema kwa mikono MB 60, ingawa huenda wote wawili walikuwa wakijuliana hali tu. Kiziwi huyo akinunua kifurushi mseto, analipia pia dakika za mitandao yote ambazo hawezi kuzitumia na ambazo muda ukifika huisha. Mwaka jana laini ya dada yangu ilifungwa, na alipokwenda kwenye duka la kampuni husika akaelekezwa apige namba ya huduma kwa wateja.

Wapo watakaosema kwamba viziwi waandike ujumbe. Jibu hilo linasahau kwamba Lugha ya Alama ina sarufi yake, na kwamba kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, waliyojifunza katika shule chache zenye walimu wachache wanaoimudu lugha yao. Kumtaka mtu aeleze maumivu ya kifua kwa daktari katika lugha ya pili, kwa kidole kimoja, ni kumbebesha mzigo ambao sisi wengine hatubebi.

Linalonisumbua zaidi ni dharura. Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto hupigwa kwa sauti. Uingereza ilianzisha mwezi Juni 2022 huduma ya 999, namba yake ya dharura, kwa lugha ya alama, ambapo kiziwi hupiga simu ya video bila malipo, akapokewa na mkalimani anayewasiliana na watoa huduma wa dharura kwa niaba yake. Ufaransa nayo, tangu mwaka 2018, inazitaka kampuni za simu ziwape wateja viziwi huduma ya ukalimani kwa kiasi maalumu cha muda kila mwezi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja waziwazi huduma za mawasiliano na za dharura. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Msingi wa kisheria, basi, tunao.

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) izitake kampuni za simu ziuze kifurushi cha viziwi ambacho dakika za sauti zimegeuzwa kuwa muda wa simu za video, kwa bei ileile. Naomba pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umesaidia kujenga minara vijijini, ugharimie kituo kimoja cha wakalimani kitakachounganishwa na 112 na 114 kwa video. Kituo kimoja kinatosha kuanzia, kwa kuwa intaneti haijali mkalimani ameketi Dodoma au Kigoma. Na TCRA inapopima ubora wa huduma za kampuni hizi, ipime pia kasi ya kutuma, na iwaalike wanachama wa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) wapige simu za video katika maeneo yanayopimwa na kueleza kama alama zinasomeka.

Msomaji wako,
Morogoro