Barua kwa Washairi Vijana Wanaotunga Kuhusu Utoto

Wanangu,

Wiki nzima nimekuwa nikizisoma tungo zenu za utoto. Vina vimekaa, mizani imetimia. Lakini karibu zote zina mbalamwezi, bibi na ngano zake jikoni, na maembe ya kuangua kwa mawe. Anayesema humo ni mtu mzima anayetamani kurudi nyuma. Mtoto mwenyewe sikumsikia.

Nami niliwahi kutunga hivyo. Nilimsomea dada yangu shairi nililousifu mto tuliokulia kando yake, tulivyokuwa tukiogelea hadi jua linazama. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Huo utoto wa nani?" Mto ule ule, yeye alikuwa akiuendea alfajiri na ndoo kichwani, sisi wavulana tungali tumelala. Swali lile ndilo linaloniandikisha barua hii.

Warudieni wakubwa wetu. Mwana Kupona, katika utendi aliomuusia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858, ni mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti asogee na wino na karatasi. Katika karne iliyofuata, Shaaban Robert naye anaufungua Utenzi wa Hati kwa kumwita binti yake akae kitini aandike. Liangalieni vizuri jambo hili: wino uko mkononi mwa mtoto, maneno yote ni ya mzazi. Utoto hapo ni njia ndefu iliyo mbele, nayo inatazamwa na mtu anayehofu kwamba hatakuwepo kumshika mwanawe mkono. Nazipenda mno tungo hizo. Hofu ile imezipa uzito ambao mbalamwezi zenu bado hazina. Ila mtoto hajibu.

Sasa msomeni Mwingereza William Blake. Mwaka 1789 alichapisha shairi linalosemwa na mtoto anayefagia masizi katika dohani, yaani mabomba ya kutolea moshi, za London, kazi waliyotwishwa wadogo kwa kuwa miili yao ilipenya. Mama amekufa, baba amemuuza angali hajui hata kutamka sawasawa. Mwenzake analia kwa kunyolewa kichwa, naye anambembeleza: nyamaza, ukiwa na upara masizi hayatazichafua nywele zako nyeupe. Mtoto anaiamini faraja hiyo, na hapo ndipo moyo wa msomaji unapokatika. Mwaka 1794 Blake akamrudia mtoto wa dohani, lakini huyu amekwishajua. Akiulizwa wazazi wake wako wapi, anajibu kwamba wamekwenda kanisani kusali. Masizi ni yale yale, macho yamebadilika.

Basi kabla hamjachagua bahari ya shairi, yaani aina ya utungo, amueni anayesema ana umri gani, anajua nini, na kipi bado hakijamfikia. Mtoto wa miaka 6 hasemi "ufukara". Anasema leo mama hakuwasha moto.

Nina ombi moja. Zile za mbalamwezi ziwekeni kando kwanza. Nitungieni ubeti mmoja tu wa Mwana Hashima, ameketi na wino wake, mama mgonjwa akiendelea kusema. Nataka kumsikia yeye.

Mzee wenu