Novemba, usingoje Disemba

Mbagala, Dar es Salaam
14 Juni 2026

Mpendwa Rehema,

Habari za siku nyingi? Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia Mama amekubali safari ya Mafia. Najua unaitaka Julai ili mkimbie baridi ya Iringa. Nakuelewa shoga yangu, lakini Julai nakukatalia.

Julai ni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Hewa ni nzuri, mvua hakuna, na kule kisiwa cha Juani ndiyo majira ya vitoto vya kasa kuanguliwa na kukimbilia majini. Shida ni njia. Boti mtapandia Nyamisati, na mwanzo mnapita katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji yametulia hata mtu anasinzia. Mkishatokea bahari ya wazi, upepo unaipiga boti ubavuni, na hapo abiria wanaanza kuombana mifuko. Wewe utavumilia. Mama na presha yake simtakii hayo.

Masika usiyafikirie. Hoteli nyingi za Utende, kule Mafia, hufungwa Aprili na Mei, na bahari haiaminiki: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, hata boti za Zanzibar zilisitishwa. Februari ni mzuri sana, ila mwakani Ramadhani itaangukia humo, na mchana mtahangaika kupata chakula. Disemba kuna joto, wageni wamejaa na bei zimepanda.

Kwa hiyo nasema Novemba, na nasema kwa moyo wote. Kusi imekwisha, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika, wenyewe wanaita matlai, na bahari inalala kabisa. Mvua za vuli zipo, sikufichi. Chukueni miamvuli, inanyesha halafu inakatika. Tena papa potwe wameshafika upande wa Kilindoni. Huyo ndiye ninayetaka Mama amwone! Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo, mtu hamgusi. Anapita juu juu karibu na boti, kinywa wazi, mgongo una madoa meupe kama ya kanga wa porini. Mama hana haja ya kuingia majini, atamtazama akiwa amekaa. Wewe ukiogelea usimshike, na usimzibie njia.

Sasa siku. Mwezi utakuwa mpya tarehe 9 na mpevu tarehe 24. Siku hizo ni bamvua, maji yanakupwa mbali, na saa ya boti kuondoka hufuata maji. Kati yake kuna maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Omba likizo wiki inayoanza Jumatatu tarehe 16, mikondo inakuwa midogo, na kuvuka kwenda kisiwa cha Chole kuwaona popo wakubwa hakutamchosha Mama.

Njooni siku mbili kabla mlale kwangu. Mabasi ya Nyamisati yanaanzia hapa hapa Rangi Tatu, nitawasindikiza mwenyewe. Mama aje na kanga zake, fulana nyepesi na dawa zake zote za wiki nzima, asitegemee kununua kisiwani. Tiketi nitaulizia nikipata jibu lako, kwa hiyo usikawie kuzungumza na bosi wako.

Mpe Mama shikamoo yangu, na watoto wabusu.

Wako,
Zuhura