Kabla hujaenda COTA

Mambo vipi kaka,

Ujumbe wako niliuona jana usiku nikiwa shifti, nikausoma mara mbili, eti umeshalipia nafasi ya siku ya traki mwezi wa kumi pale COTA, ule uwanja wa mbio wa Austin, hapa Texas, siku ambayo watu wa kawaida mnaruhusiwa kuzunguka uwanjani kwa kasi bila kushindana, na pikipiki umeshaifunga matairi mapya. Nimefurahi kweli kweli, nakujua tangu enzi zile tunachangiana mafuta ya Boxer ya mjomba Morogoro na ulikuwa unasema siku moja utaendesha kwenye uwanja wanaokimbilia MotoGP, yale mashindano ya dunia ya pikipiki. Ile kona ya kwanza inapanda kilima kikali halafu unakata kushoto huku huoni unakoangukia, na zimo kona 20 kwenye kilomita 5.5, yaani utakuja kunisimulia wiki nzima. Ila kuna kitu umeandika mwishoni kimeninyima usingizi, umesema "bima ninayo ya kazini, nzuri tu". Kaka, na mimi nilikuwa nayo ya kazini, nzuri tu.

Ulijua nilivunjika mtulinga na mbavu mbili. Ya makaratasi hukuyajua kwa sababu niliona aibu kukuambia. Sasa nakuambia yote.

Ilikuwa siku ya traki kama hiyo yako, raundi ya pili asubuhi, matairi bado hayajapata moto vizuri, natoka kwenye kona nikafungua gesi mapema, nyuma ikateleza halafu ikashika tena ghafla ikanirusha juu nikatua na bega. Ambulensi ya pale pale traki ikanichukua, eksirei, wakafungua bega wakaweka bamba la chuma na skrubu, siku ya tatu nikarudi nyumbani. Mpaka hapo nilikuwa na amani. Wiki ya tatu ikaja barua kutoka kwa watu wa bima ina maswali: uliumia wapi, ulikuwa unafanya nini, kuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Hizo barua wanamtumia karibu kila mtu aliyeumia ajalini, wanatafuta kama kuna bima nyingine inayotakiwa kulipa, na usipojibu madai yako yanakaa tu hapo. Nikajibu ukweli. Mwezi uliofuata nikapata jibu kwamba hawalipi, kuna kifungu kinachotoa nje majeraha yanayotokana na mashindano ya mbio au ya kasi ya vyombo vya moto. Bili nilizokuwa nimeshika mkononi siku ile zilifika dola 61,000 na zaidi, nikakaa kwenye ngazi za apatimenti mpaka giza likaingia.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo wengi wetu tunapopotea, hata mimi nilipigana na kitu kisichokuwepo. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, hiyo HIPAA ambayo watu wanaijua kwa mambo ya siri za mgonjwa, ina sehemu nyingine inayosema bima ya kazini haiwezi kukukatalia kujiunga wala kukutoza zaidi kwa sababu unaendesha pikipiki, na kanuni zake zimeitaja pikipiki kabisa pamoja na farasi na kuteleza kwenye theluji. Nikasema haya basi, nimewashika! Kumbe hapana. Sheria hiyo hiyo inawaruhusu kutolipia jeraha kwa kuangalia limetokana na shughuli gani, ilimradi wanawafanyia hivyo wafanyakazi wote na jeraha halikutokana na ugonjwa wala kupigwa nyumbani. Yaani mlango wa kuingia lazima wakufungulie, ila ndani wanaweza kukuambia hiki huli. Mimi naona ni kitu kibaya sana kumfanyia mtu anayekatwa hela kila mshahara, lakini ndivyo ilivyo na bora ukijue sasa hivi ukiwa mzima.

Kitu kingine, kampuni kubwa kama yako mara nyingi zinalipia matibabu ya wafanyakazi kwa hela zao wenyewe, lile jina la kampuni ya bima kwenye kadi ni la wanaoshughulikia makaratasi tu. Ndiyo maana usiridhike na yule dada wa kwenye simu akikuambia "emajensi tunalipa". Anasoma skrini, hana kifungu mbele yake, na wewe na mwenzako wa kampuni nyingine mnaweza kuwa na kadi ya rangi moja na vifungu tofauti kabisa. Na mpango wa namna hiyo uko chini ya sheria ya shirikisho ya 1974 ya mafao ya kazini, ERISA, kwa hiyo ukikwama hata idara ya bima ya jimbo la Texas haitakusaidia, unakwenda Idara ya Kazi ya shirikisho.

Kwa hiyo fanya hivi, nakuomba kama ndugu. Andika barua pepe kwa watu wa HR, uwaombe kile kitabu kamili cha mpango, wanakiita SPD, siyo ule muhtasari wa kurasa chache wenye vijedwali. Ukiomba kwa maandishi wana siku 30 za kukupa, wakikaa kimya mahakama inaweza kuwatoza mpaka dola 110 kwa kila siku. Huna haja ya kueleza unakitaka cha nini. Kikifika nenda moja kwa moja sehemu ya vitu wasivyolipia, tafuta mbio, mashindano, kasi, traki, shughuli za hatari, na usome neno kwa neno maana hapo neno moja ni nyumba yako. Kikisema "mashindano" peke yake una pa kusimamia, kwa sababu siku ya traki siyo mashindano, hakuna mshindi. Kikisema "matumizi yoyote kwenye traki", kaka, hapo hakuna mjadala.

Mimi nilipona kwa hilo neno. Kukata rufaa unapewa siku 180 tangu upate barua ya kukataliwa, na unaweza kudai wakupe bure faili lako lote. Nilipolidai nikakuta mtu wa mapokezi hospitali ameandika "mbio za pikipiki", nadhani kwa sababu aliniona nimevaa suti ya ngozi, na wale wa bima wakanukuu hilo hilo. Nikaomba walioandaa siku ile waandike barua kwamba hakukuwa na kupima muda wala nafasi wala zawadi, nikaambatanisha kanuni zao za wapi unaruhusiwa kumpita mwenzako, na daktari wangu akarekebisha maelezo kwenye faili. Rufaa ya kwanza walikataa. Ya pili wakakubali, miezi tisa baada ya kuanguka. Ambulensi ndiyo imebaki shingoni mwangu, ilikuwa nje ya mtandao wao, yaani haina mkataba na bima yangu, na ile sheria ya bili za kushtukiza iliyoanza Januari 2022 inalinda helikopta na emajensi lakini ambulensi ya barabarani imeachwa nje. 

Kuna jamaa yetu mmoja alinishauri niseme nilianguka barabarani. Tafadhali asikudanganye mtu. Ni kosa la jinai, na watu wa ambulensi wameshaandika walikuokota wapi, na ukishashikwa na uongo hata ile haki uliyokuwa nayo inapotea. Na sisi wengine wenye makaratasi ya uhamiaji hatuchezi na vitu hivyo hata kidogo.

Ukikuta kifungu kibaya usikate tamaa. Dirisha la kubadilisha mpango kazini kwenu si linafunguka mwezi wa kumi na moja, linganisha na mpango wa kazini kwa shemeji, omba na cha kwao usome. Waulize pia waandaaji kama wana bima ya ajali kwa washiriki, baadhi wanayo, ila mara nyingi inalipa kile tu kilichobaki baada ya bima yako na ina kikomo chake, kiulize ni dola ngapi. Bima ya pikipiki yenyewe usiihesabu, hizo za barabarani kwa kawaida zinaishia getini. Na kama ni lazima kusogeza tarehe mpaka mwaka ujao, sogeza kaka, COTA haihami, na una watoto wawili wanaokutegemea.

Ile barua pepe ya HR iandike kesho asubuhi kabla hujaingia mzigoni. Wakikutumia kitabu piga picha hizo kurasa unirushie, Jumapili usiku niko huru, tutazisoma pamoja kwenye simu mstari kwa mstari hata tukeshe. Msalimie sana shemeji, mwambie zile dagaa alizonitumia zimeisha siku nne tu.

Ni mimi nduguyo,
wa Fort Worth