Supu ya nyanya msituuzie kama gambo

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe ya moyoni. Ijumaa mimi na mzee wangu tulienda kula chakula cha Kikrioli kwa hoteli moja Westlands, bango lilisema ni mapishi ya New Orleans kule Marekani yenyewe na bei nayo si mchezo. Gambo, ule mchuzi wao mzito, ikaja nyekundu, nyepesi, kamba wawili wanaelea, wali kando umebanwa na kikombe, nikajua hapa tumechezwa.

Jameni, gambo mnaanza na unga wa ngano, mnaukaanga kwa mafuta moto mdogo huku mnakoroga bila kuacha mpaka ugeuke rangi ya chokoleti, ukiungua mwaga uanze upya, halafu ndio kitunguu, hoho na seleri ziingie. Bamia huifanya nzito, na bamia si shida hapa, pitia soko la Ngara tu. Kule New Orleans, mkahawa wa Antoine's uko tangu 1840, na marehemu Leah Chase, mpishi wa mkahawa wa Dooky Chase's, aliwapikia gambo viongozi wa haki za weusi wakikutana ghorofani kwake. Sasa nyinyi mnatuwekea tomato sosi?

Weita simlaumu, alikuwa mpole, na zile ndizi za siagi na sukari zilikuwa tamu ajabu, mzee aliongeza. Lakini hiyo pesa ya huduma mliyochomeka kwa bili kimyakimya, andikeni kwa menyu mtu aione kabla hajaketi.

Mama Mpenda Bamia,
South B, Nairobi