Mhariri, waandishi wako wa misosi wafike na Tabata

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma kila Jumapili (siku hizi naazima kwa jirani, nisiseme uongo) na ule ukurasa wa sehemu za kula ndo naanza nao kabla hata ya mpira. Ila kila wiki ni Masaki, Oysterbay, Masaki tena, mkichangamka sana mnafika Mbezi Beach. Kwani sisi huku hatuli? Basi leo nawaandikia mimi.

Huku Tabata kwa baa hatujambo, kila kona ipo, nyama choma na spika inayotikisa mpaka soda mezani. Sasa mtu kama mimi mwenye mke, watoto watatu, na mama mkwe katoka Tanga kuja kutibiwa macho, jioni ya Jumamosi nawapeleka wapi? Baa haiwezekani, bi mkubwa ni mtu wa swala tano. Banda la chipsi halina pa kukaa, unasimama kwenye moshi unafungiwa zako unaondoka. Mwaka jana nilijitutumua nikawapeleka moli moja mjini, nakuta baga na chipsi zake 22,000, ya mtu mmoja hiyo, nikaagiza mbili tukazikata vipande kama keki ya besidei, watoto wananiangalia mimi naangalia bili. Hiyo siku mpaka leo nyumbani haizungumzwi.

Ndo mke wangu akaniambia kuna mama hapa mtaa wa pili alikuwa anauza maandazi asubuhi, sasa jioni anauza baga uani kwake. Nikasema baga ya Tabata hiyo, tutaumwa matumbo. Twende tu, akasema.

Pako hivi. Turubai, benchi mbili, viti vya plastiki, ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, na kuna katoto ka darasa la pili hakakuruhusu kupita bila kunawa, hata uwe na mvi. Baba mwenye nyumba ndo yuko kwenye jiko la gesi, binti mkubwa anaandika oda kwenye daftari la shule, upande wa nyuma ukilifungua unakuta hesabu za sehemu. Baga ya kawaida 4,500, ndogo ya watoto 2,500, sahani ya chipsi 2,500, jagi la juisi ya ukwaju 3,000. Sisi kubwa tatu, ndogo tatu, chipsi sahani mbili na jagi moja, nikatoa elfu thelathini nikarudishiwa buku. Nikaihesabu mara mbili nikidhani binti kakosea.

Sasa mama mkwe. Kaletewa sahani, kaiangalia, kaisogeza pembeni kidogo. "Baba, hii hambaga si ndo nguruwe hii?" Mana huko shule kuna mtu alishamwambia ham ni nguruwe. Nikamwambia hapana mama, jina limetoka kwenye mji wa Hamburg huko Ujerumani, ni kama sisi tunavyosema mchele wa Kyela, nyama yenyewe ni ng'ombe. Hakuridhika. Mwenye banda akasikia, akaja, shikamoo mama, marahaba, akampeleka mpaka jikoni akamwonyesha nyama kwenye beseni, na bucha akamwonyesha lile pale ng'ambo, mwenye bucha kavaa na kofia kabisa. Bi mkubwa akarudi, bismillahi, akauma. Akatafuna kimya muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni kababu, wameibana na skonzi."

Mhariri, nimeshasoma maelezo mengi ya baga kwenye gazeti lako, hayo maneno sita ndo yameeleza vizuri kuliko yote.

Na kweli ndivyo ilivyo. Mi nilisimama pale jikoni nikachungulia, mana napenda kujua hela yangu inaenda wapi. Nyama inasagwa jioni hiyohiyo, kilo moja inatoa vitonge tisa. Yule baba anachukua kitonge anakitupa kwenye chuma cha moto, anakibonyeza na kitako cha sufuria ndogo, tssss, anakiacha. Hakigusi mpaka pembeni paanze kuwa kahawia ndo anakigeuza mara moja tu. Skonzi anaipasua anaibandika palepale kwenye mafuta yaliyotoka kwenye nyama, inakauka juu ndani inabaki laini. Nyanya, kitunguu, kabichi, basi. Kilo ya nyama alisema ananunua 12,000, kwahiyo nyama ya baga moja ni kama 1,300 hivi, weka skonzi, mboga, gesi, bado yule mama anapata faida yake na mimi silii. Kule moli najua unalipia pango, kiyoyozi, VAT asilimia 18 na zile taa, sisemi wanaiba, nasema kiyoyozi sikukila.

Viazi vyake vya Njombe, anamenya mwenyewe. Mnakumbuka Januari 2022 wenzetu Kenya, mgahawa mkubwa wa kimataifa uliishiwa chipsi kwasababu viazi vilikuwa vinatoka nje na meli zimechelewa, na wakulima wao wenyewe viazi wanavyo kibao? Tabata hatuna shida hiyo.

Sio kwamba hakuna kasoro. Tulikaa dakika arobaini, umeme ukakatika tukala kwa tochi za simu, bajaji zikipita vumbi lote lako. Halafu mayonizi ilikuwa imekaa mezani wazi na joto lile la Dar, hapo nikamwita binti pembeni nikamwambia hii iwekwe kwenye friji itolewe kidogokidogo, akaitoa bila kununa. Na wewe msomaji ukienda usijifanye wa sinema ukataka nyama nyekundu katikati, nyama ya kusaga ule uchafu wa juu unaingia mpaka ndani, lazima iive yote. Yule baba hata ukimwomba hakupi.

Ila watoto wangu walikula baga nzimanzima kila mtu na yake, walikuwa na tomato mpaka kwenye nyusi, hakuna aliyewaambia wakae vizuri, na mke wangu hakuosha chombo hata kimoja usiku ule. Pembeni yetu kulikuwa na fundi gereji na familia yake, mzee mmoja anacheza bao na mjukuu, wote tunasogezeana pilipili. Hamna muziki, ilikuwa redio inatangaza mechi kwa sauti ya chini.

Bi mkubwa kabla hajarudi Tanga alienda tena peke yake mchana akamfundisha yule mama kuweka tangawizi, thomu na kotimiri kwenye nyama. Sasa kwenye kile kibao cha bei imeongezwa kwa chaki "baga ya bibi 5,000". Nimeila, ni kali kidogo kwa watoto.

Kwahiyo tuma mwandishi wako, nauli ya daladala kama hana nitamlipia. Afike kabla ya saa mbili usiku, skonzi huwa zinaisha.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam